Umepunguzwa kazi Dodoma? Namna ya kudai fao la kukosa ajira, kuanzia kwenye barua

Mbukwenyi jamani. Hii naiandika kwa watu wa Dodoma na majirani zetu wa Manyoni, Singida, Kongwa, Mpwapwa huko. Mji wetu unajengwa kila siku, na kila mradi ukiisha kuna watu wanaambiwa asanteni sana rudini nyumbani. Mafundi, walinzi, wafanya usafi wa maofisi ya Mtumba, wahudumu wa hoteli, walimu wa shule za private, madereva, wote hao. Na wengi wanaondoka wakidhani hela yao pekee ni ile ya bahasha ya mwisho. Siyo kweli. Kuna malipo mwajiri anatakiwa akulipe, halafu kuna fao la kukosa ajira ambalo linatoka kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii uliokuwa unachangia, yaani NSSF au PSSSF. Ni vitu viwili tofauti, kimoja hakifuti kingine.

Mimi huwa nawasindikiza wenzangu kwenye haya mambo, nakaa nao kwenye foleni, nasoma nao barua, kwa hiyo nitaandika vile mambo yanavyokwenda ukiwa umesimama pale kaunta na makaratasi mkononi.

Kwanza kabisa, usisaini barua ya kuacha kazi

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayoangusha watu wengi kuliko kitu kingine chochote. Unaitwa ofisini, HR anakwambia kwa upole kabisa, dada yangu kampuni imeyumba, tumeona tusikuharibie jina, we andika tu barua ya kuacha kazi kwa hiari yako sisi tukupe cha kukupa leo leo uondoke kwa amani. Na karatasi imeshachapwa, imebaki sehemu ya saini tu.

Usisaini hiyo. Fao la kukosa ajira ni la mtu ambaye kazi imemwacha, siyo mtu aliyeiacha kazi. Ukipeleka kwenye mfuko barua inayosema "naomba kuacha kazi kwa hiari yangu" umeshajitoa mwenyewe, hata kama ukweli ni kwamba ulisukumwa mlangoni, yule wa kaunta anasoma kilichoandikwa. Na ukienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, kulalamika kwamba ulionewa, mwajiri anatoa karatasi hiyohiyo anasema huyu alijiondoa mwenyewe, saini yake hii hapa.

We mjibu kwa heshima tu, waambie mzee mi sijaomba kuacha, kama nyie ndo mnanipunguza basi naombeni barua inayosema hivyo. Wakikuwekea presha waombe muda ukasome nyumbani. Hamna sheria inayosema lazima usaini palepale umesimama.

Barua unayoitaka wewe iwe na vitu hivi: jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, tarehe ulioanza kazi, tarehe ya mwisho ya kazi, na SABABU. Sababu iandikwe wazi, kupunguzwa kwa wafanyakazi, au mradi kuisha, au mkataba kufika mwisho na hauendelei. Iwe kwenye karatasi ya kampuni, ina saini na muhuri. Barua isiyo na muhuri itakurudisha tu. Na kama ulikuwa kwenye mkataba wa muda maalum ukaisha, tunza mkataba wenyewe, utauhitaji pamoja na barua.

Hesabu ya kwa mwajiri

Kabla hujafika kwenye mfuko malizana na mwajiri, au angalau ujue anachotakiwa kukulipa. Sheria ni ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kupunguza watu kwa sababu za uendeshaji mwajiri hawezi kuamka tu asubuhi akagawa barua, sheria inamtaka atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na akae na wafanyakazi au chama chao wajadiliane ni nani anaondoka, kwa vigezo gani na malipo yatakuwaje. Mkiitwa kwenye hicho kikao nendeni, na muandike nani kasema nini. Watu wengi wanasusa kikao kwa hasira halafu baadae wanasema hatukushirikishwa, na mahudhurio yanaonyesha waliitwa.

Vinavyotakiwa kuwepo kwenye malipo ya mwisho:

Mshahara wa siku ulizofanya kazi. Hii haina mjadala.

Notisi. Kama unalipwa kwa mwezi ni siku 28 angalau. Anaweza kukuacha uzifanye kazi, au akakulipa uondoke leo, lakini hawezi kukunyima vyote viwili.

Likizo ambayo hukwenda. Angalia sana hapa manake wanasahau mara nyingi. Kila mwaka una siku 28, na ule mwaka ambao haujaisha unahesabiwa kidogo kidogo, siku moja ya mshahara kwa kila siku 13 ulizofanya kazi.

Kiinua mgongo. Kama umefanya kazi mfululizo miezi 12 au zaidi, unalipwa mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Yaani ukifanya miaka 13 unahesabiwa 10. Mkataba wako ukisema zaidi ya hapo unafuata mkataba. Ukiachishwa kihalali kwa kosa la kinidhamu hiki hupati, ndo maana nasema sababu iliyoandikwa kwenye barua ina hela ndani yake.

Tuchukue mtu wa mshahara wa 600,000 aliyefanya miaka 6. Wakigawa kwa siku 30, siku moja ni 20,000, mara siku 7 ni 140,000, mara miaka 6 unapata 840,000. Lakini kuna maofisi yanagawa kwa siku 26 za kazi, siku moja inakuwa 23,077 hivi, na kiinua mgongo chote kinafika kama 969,000. Tofauti ya zaidi ya laki moja na ishirini kwa kugawa tu. Kwa hiyo uliza wamegawa kwa ngapi na kwa nini, kabla hujaweka saini kwenye fomu inayosema "nimepokea malipo yangu yote na sina madai mengine". Hiyo sentensi isome mara mbili. Kama hukubaliani na hesabu, andika kwa mkono pembeni ya saini kwamba umepokea lakini hukubaliani na kiasi, halafu piga picha na simu yako.

Na usafiri. Hii kwa Dodoma ni kubwa kwa sababu wengi wetu tuliletwa. Kama mwajiri alikuajiri Mwanza au Dar akakuleta huku, kazi ikiisha anatakiwa akurudishe ulikoajiriwa, wewe na mizigo yako, au akupe nauli. Akichelewesha usafiri anatakiwa akulipe posho ya kujikimu ya kila siku mpaka utakaposafirishwa. Angalia kwenye mkataba sehemu ya mahali pa kuajiriwa imeandikwa wapi.

Mwisho mdai cheti cha utumishi. Ni karatasi tu lakini ni haki yako na itakusaidia kwenye kuomba kazi nyingine.

Siku 30

Ukiona umeachishwa isivyo halali, unayo siku 30 tu toka tarehe ya kuachishwa kwenda CMA. Madai mengine kama mishahara isiyolipwa ni siku 60. Hizi siku hazimsubiri mtu. Mtu anakaa anasubiri mfuko umlipe, au anasubiri bosi aliyesema "tutakuita tu subiri kidogo", miezi miwili inapita, akienda Tume anaambiwa umechelewa sasa ujaze fomu nyingine ya kuomba uongezewe muda na ueleze sababu za msingi. Kusubiri kuitwa na bosi siyo sababu ya msingi.

Fomu ya kuanzia inaitwa CMA F1. Unaijaza, unampelekea mwajiri nakala yake kwanza, asaini kwamba kapokea, halafu unaipeleka Tume na huo ushahidi kwamba kapokea. Wengi wanakosea hapo, wanaenda Tume moja kwa moja wanarudishwa. Mwajiri akigoma kusaini nenda na mtu shahidi, au tuma kwa njia inayoacha risiti. Baada ya hapo mnaitwa usuluhishi kwanza, mnakaa meza moja, na kesi nyingi zinaishia hapo manake mwajiri naye hataki kwenda mbali. Kama hujui uanzie wapi pita ofisi ya Afisa Kazi mkoa, ukae naye akuelekeze, ni kazi yake.

Mfuko wako ni upi

Ukiuliza watu kumi wanakwambia NSSF. Angalia slipu ya mshahara, usibahatishe. Tangu Agosti 2018 mifuko ile ya PPF, LAPF, GEPF na PSPF iliunganishwa ikawa PSSSF kwa ajili ya watumishi wa umma, na NSSF ikabaki na sekta binafsi. Lakini kuna watu wa private ambao walikuwa PPF toka zamani, hao walibaki PSSSF hata kama wanafanya kazi kwenye kampuni. Kwa hiyo unaweza kukuta mlikaa meza moja, mwenzako yuko NSSF wewe uko PSSSF. Kwenye slipu kuna mstari wa makato umeandikwa jina la mfuko, ndio huo.

PSSSF makao makuu yako hapahapa Dodoma, Makole. NSSF nao wana ofisi ya mkoa mjini. Watu wa wilayani, kabla hujapanda gari kuja mjini pigia ofisi simu uulize kama jambo lako linaweza kuanzia huko huko, nauli yenyewe siku hizi siyo ya kuchezea ukiwa huna kazi.

Masharti yenyewe ya fao

Kwa kifupi: uwe Mtanzania, uwe umechangia miezi 18 au zaidi, uwe umeachishwa na siyo umeacha, uwe hujapata kazi nyingine, na uwe hujafika miaka 55, ukifika hapo unaingia kwenye habari za kustaafu kwa hiari. Ukitimiza unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa mwezi, kwa miezi 6.

Yule wetu wa 600,000 atapata kama 199,800 kila mwezi, jumla karibu 1,198,800 kwa miezi sita. Siyo hela ya kujenga nyumba, lakini kwa mtu amepanga vyumba viwili Nkuhungu au Chang'ombe na ana watoto shule, ni unga, ni kodi, ni muda wa kutafuta kazi bila kukubali chochote kinachopita.

Kama umechangia chini ya miezi 18 usikate tamaa ukabaki nyumbani. Hapo hesabu inakuwa nyingine, unalipwa sehemu ya michango yako kwa mkupuo. Na kama kazi yako ilikuwa ya msimu au ya mradi, ujenzi, mashamba, machimbo, sema hivyo kaunta tangu mwanzo, usikae kimya ukajazishwa fomu ya mtu wa ajira ya kudumu.

Najua wapo watu wanasema mbona zamani ulikuwa ukitoka kazini unachukua chako chote. Ni kweli, lilikuwa linaitwa fao la kujitoa na lilifutwa na mabadiliko ya 2018, na watu waliumia sana, hasa wa migodini na mashambani ambao kazi zao ni za kuingia na kutoka. Mi naona hoja yao ilikuwa na uzito. Ila kwa sasa sheria ndiyo hii, tuichukue kilichopo mpaka senti ya mwisho.

Angalia michango yako kabla ya kitu chochote

Sasa hapa ndo penyewe. Ukipata tu harufu kwamba kazini kuna mambo, usisubiri barua, chukua taarifa ya michango yako. NSSF wana huduma kwenye simu na intaneti, PSSSF wana programu yao ya PSSSF Kiganjani, au unaenda tu ofisini na namba yako ya uanachama wanakuchapia.

Ukiipata hiyo karatasi ikae mezani na slipu zako za mshahara pembeni. Nenda mwezi kwa mwezi na kalamu. Januari ipo, Februari ipo, Machi haipo, Aprili ipo, Mei mpaka Septemba hakuna kitu, Oktoba ipo. Kwenye slipu ya Mei makato yapo, hela ilitoka kwenye mshahara wako, ila kwenye mfuko haijafika. Kampuni imekata imekaa nayo. Hii ipo sana, na mtu anakuja kugundua siku ya kudai kwamba kwenye mfuko anasoma miezi 14 wakati kafanya kazi miaka mitatu, halafu anaambiwa hujafikisha 18.

Ukikuta mapengo usigombane na mhudumu wa kaunta, siyo yeye. Andika barua fupi kwa meneja wa mfuko wa mkoa, taja jina la mwajiri, namba yako, miezi inayokosekana, ambatanisha slipu za hiyo miezi, na uombe wamfuatilie mwajiri. Nakala ya barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Mfuko una mamlaka ya kumdai mwajiri na hata kumpeleka mahakamani, na wanakuwa na nguvu zaidi mkiwa wengi. Kwa hiyo kama mmepunguzwa watu ishirini, msiende mmoja mmoja, fungueni grupu la WhatsApp, kusanyeni slipu zenu, pelekeni kwa pamoja.

Kama mwajiri hatoi slipu kabisa, na wapo, basi taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia kila mwezi inasaidia, pamoja na mkataba na kitambulisho cha kazi. Usikirudishe kitambulisho cha kazi kabla hujakitoa kopi.

Majina

Natamani hii sehemu ingekuwa fupi lakini haiwezi. Kwenye NIDA umeandikwa majina matatu, kwenye mfuko mawili, kwenye benki majina yamegeuzwa, la baba limekuwa la kwanza. Au ni herufi moja tu, NIDA inasema Ndahani, mfuko unasema Ndahan, karani aliyekuandikisha miaka hiyo aliandika alivyosikia. Sisi huku na majina yetu ya Kigogo na Kirangi tunateseka sana na hili. Mfumo hauangalii kwamba we ni yuleyule, unaangalia herufi.

Ukikuta tofauti, anza kurekebisha mapema, hii ndo inakula muda kuliko fao lenyewe. Kosa dogo la herufi mara nyingi linarekebishwa ofisini kwa kitambulisho. Tofauti kubwa utaambiwa ulete kiapo cha majina, unaenda kwa wakili au mahakamani, kinaandikwa kwamba majina haya na haya ni ya mtu mmoja, kinagongwa muhuri. Ukishakipata toa kopi nyingi manake benki nao watakitaka.

Makaratasi ya kubeba

Weka kwenye faili moja la plastiki, yale ya mia tano mia tano stesheneri:

Barua ya kuachishwa au kupunguzwa, orijino na kopi. Mkataba wa kazi. Kitambulisho cha NIDA, au kama kadi haijatoka ile namba ya tarakimu 20. Kadi au namba ya uanachama wa mfuko. Slipu za mshahara za karibuni. Picha ndogo za pasipoti. Taarifa za akaunti ya benki, iwe ya jina lako na iwe hai. Hili la akaunti kuwa hai limewachelewesha watu, mtu anatoa akaunti aliyofungua zamani haijatumika miaka, imelala, hela inatumwa inarudi. Nenda benki weka hata elfu tano uone inasoma.

Halafu fomu ya madai unaichukua ofisini kwao au kwenye tovuti yao. Fomu ina sehemu ya mwanachama na kuna sehemu mwajiri anatakiwa ajaze na kugonga muhuri. Usiondoke kazini moja kwa moja ukaja kuitafuta baadae, ichukue mapema HR akujazie siku zilezile za makabidhiano wakati bado ana hamu ya kumalizana na wewe. Baada ya miezi mitatu HR huyohuyo kaacha kazi, ofisi imehama kutoka Area C kwenda Iyumbu, muhuri uko kwa bosi na bosi yuko safari. Na kama kampuni imefungwa kabisa usilale na fomu nyumbani, nenda nayo hivyohivyo mfukoni, waeleze, na upitie kwa Afisa Kazi akusaidie.

Siku ya kwenda

Nenda asubuhi, usiende Jumatatu kama unaweza kuepuka, na usiende ile wiki ya mwisho wa mwezi. Ukifika sema moja kwa moja nimekuja kudai fao la kukosa ajira. Usiseme nimekuja kuchukua hela yangu, utaanza kuzungushwa kwenye maelezo ya kujitoa.

Mhudumu atapitia karatasi moja moja. Akikwambia kitu kimepungua, muombe akuandikie orodha yote ya vilivyopungua kwa mara moja, kwa adabu tu, dada naomba uniandikie vyote nisije nikarudi tena kwa kimoja. Wengi wanakubali. Ukishakabidhi, usiondoke bila uthibitisho wa kupokelewa, uwe na tarehe na namba ya dai. Bila hiyo siku ukirudi kuulizia unaanza upya.

Andika namba ya simu ambayo huna mpango wa kuibadilisha. Meseji ikija kwamba kuna kiambatanisho kimepungua na laini yako umeshamwachia mdogo wako kijijini, dai linakaa hapo.

Ukiona kimya kirefu rudi ukaulizie na namba yako ya dai, na kama kaunta hamna jibu omba kumuona afisa mafao au meneja. Hawakatai kuonwa.

Na tafadhali, vishoka. Pale nje kuna vijana watakwambia braza nina mtu wangu ndani, toa elfu hamsini litoke wiki hii. Kudai fao ni bure, fomu ni bure. Hela yako itaenda na dai lako litabaki palepale, na ubaya zaidi umeshampa kopi ya NIDA yako na namba ya akaunti. Hivyohivyo mtu akikupigia anasema anatoka mfukoni anataka namba ya siri ya simu au ya benki, kata simu.

Hela ikianza kuingia

Kama katikati ya hiyo miezi sita umepata kazi, toa taarifa. Fao ni la mtu asiye na kazi, na mwajiri mpya akianza kukuchangia mfumo utaona, usijiingize kwenye kudaiwa. Kazi mpya ikiwa inachangia mfuko uleule, toa namba yako ya zamani ya uanachama, usikubali kuandikishwa upya, manake pensheni inataka miezi 180 ya kuchangia na ukiwa na namba mbili unagawanya miezi yako mwenyewe. Wengine wanaotoka kuanza biashara, unaweza kuendelea kuchangia kwa hiari ukiwa umejiajiri, ulizia palepale dirishani siku unayofuatilia dai.

Mwenye mkopo wa benki uliokuwa unakatwa kwenye mshahara, nenda benki wewe kabla hawajakutafuta. Peleka barua ya kupunguzwa, uliza kama bima ya mkopo wako inagusa kupoteza kazi, na omba marejesho yapangwe upya. Na mwenye deni la bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ile asilimia 15 mwajiri alikuwa anakata imesimama lakini deni halijasimama, watumie taarifa kwamba hujaajiriwa kwa sasa.

Kiinua mgongo nacho nakiongelea kidogo. Huku kwetu mtu akishika milioni mbili tatu, ndugu wote wanajua ndani ya siku mbili, na mashauri yanakuja, kanunue bodaboda, kalime alizeti Kongwa, weka mzigo wa karanga Kibaigwa usubiri bei. Sisemi ni mabaya. Ila mvua zetu huku tunazijua. Lipa kodi ya nyumba kwanza kama mwenye nyumba anachukua ya miezi sita, weka ada ya shule pembeni, kinachobaki ndo ukipigie hesabu, na ufanye hivyo fao likishaanza kuingia siyo kabla, kwa sababu huwezi kujua karatasi zako zitakaa muda gani.

Wakati unasubiri jiandikishe kwenye huduma za ajira za serikali, zile zilizokuwa zinaitwa TaESA, wanaunganisha watu na waajiri. Na fungua akaunti ya Ajira Portal, ile tovuti ya kuomba kazi za serikali, kama una vyeti.

Kama una barua mkononi sasa hivi na huelewi sababu walioandika inamaanisha nini, iangalie tarehe kwanza, hesabu siku 30 kutoka hapo, uandike kwenye kalenda ya ukutani, halafu kesho asubuhi anzia kwa Afisa Kazi.